Bei Iliyoandikwa Nje

Asubuhi ile Maganga alitoka na redio yake ya kaseti ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Mkewe Milembe, aliyekuwa amepiga magoti akipuliza moto wa chapati, alimsindikiza kwa maneno.

"Ungenibeba mimi hivyo hata mara moja, ningezaa mapacha."

"Wewe huongei bei."

"Naongea gharama. Kuni zimeisha."

Maganga alicheka akaenda zake. Kwenye senta ile ya Nkoma, tangu makampuni yaruhusiwe kununua pamba na chama cha ushirika kubaki jengo la popo, kulikuwa na wanunuzi watatu. Majina yao yalikuwa ya Kizungu na marefu, watu wakayachoka, wakawaita kwa rangi za mbao zao za bei: Bluu, Nyekundu na Kijani. Zamani Maganga alikuwa karani wa mizani wa ushirika. Mizani ilipopata wenyewe wengine, yeye alibaki na macho na sauti, akajitafutia kazi ambayo hakuna aliyempa. Kila siku ya kununua alizunguka mbao zote tatu alfajiri, akazisomea mashine yake, kisha akarudi kwenye mgahawa wa mkewe, akaiunga na betri ya gari na spika la bati lenye mdomo mpana. Mashine ilikuwa ya aina ile inayogeuza kanda yenyewe. Ilisema bei mpaka jioni bila kukohoa. Wakulima walikuja kusikia, na mtu aliyetoka mbali akisikia bei hukaa, na akikaa hunywa chai. Chai hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara wa Maganga.

Kwenye ngazi za Bluu alimkuta Athanasi, mnunuzi wa kampuni, anapiga mswaki. Athanasi huyu Maganga ndiye aliyemfundisha kusoma mizani, enzi za ushirika, na kumgongea vidole kwa rula alipokosea.

"Kaka Maganga, umekuja kuninasa tena."

"Wewe nikunase una nini? Nanasa ubao."

"Ubao ni wa kampuni. Rangi ya kampuni. Hata chaki ya kampuni."

"Na macho ni ya mama yangu. Sogea, unaniziba."

Athanasi alitema povu la dawa, hakusogea. "Mkubwa wangu wa Mwanza ameuliza habari zako. Anasema kusoma, mtu asome tu. Lakini kukusanya bei za watu wote ukazipanga pamoja ndani ya mashine, hiyo siyo kusoma tena. Hiyo ni kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Jina lake hakuniambia."

"Akilipata anitumie," Maganga alisema, akabonyeza kitufe, akaanza kusoma bei za kilo kwa sauti yake ya redioni, ile aliyojifunza kwa watangazaji wa taarifa ya habari. Bluu, mia na themanini. Nyekundu, mia na sabini na tano. Kijani kama Nyekundu.

Alikuwa hajaizima mashine kengele ya baiskeli ilipolia nyuma yake. Ni Ndaki, kaka yake Milembe, mkulima wa kitongoji cha juu, jasho linamtiririka shingoni.

"Mwangaluka, shemeji. Hebu nisaidie. Yule mnunuzi wa mizani ya mkononi yuko mlangoni kwangu tangu jana. Nimwuzie, au nipakie nilete huku?"

Mashine ilikuwa bado inazunguka. Maganga, ambaye hakuwahi kuiona hadhira akaiacha hivihivi, alijibu kwa sauti ileile ya redioni: "Pakia, shemeji! Bei ndiyo hiyo unaiona. Mashine hii haidanganyi. Pakia!"

Ndaki akacheka kicheko chake kirefu, akapiga kengele mara mbili, akageuza baiskeli.

Maganga alipofika mgahawani na kuirudisha kanda ili aisikie, alikuta maongezi yamo yote, kengele imo, kicheko kimo. Angeweza kuyafuta. Lakini yalinoga kama tangazo, akayaacha.

Hazikupita dakika nyingi ikaletwa habari kwamba Mzee Masele wa ng'ambo ya mto amefariki. Kutokwenda kuchimba kaburi la jirani ni jambo ambalo watu wa pale hulikumbuka muda mrefu kuliko jina la marehemu. Maganga akachukua jembe.

"Na hii?" Milembe aliuliza, akionyesha mashine kwa kidevu.

"Iache iseme. Na asiiguse mtu. Wewe hasa, na hayo mafuta ya chapati mikononi. Ukigusa nyaya utaiunguza."

"Bei ikibadilika?"

"Wiki hii haibadiliki, mke wangu. Ninawajua hawa."

*

Jua lilipofika utosini, Nyekundu waliishiwa fedha, wakafunga mlango. Kijani wakafuata. Athanasi alichungulia nje, akaona amebaki peke yake, akarudi na kitambaa chenye maji. Alifuta ubao polepole, kama mtu anayeosha uso wa mgeni, akaandika mia na arobaini.

Milembe aliona yote kutoka jikoni. Shule alikwenda miaka michache tu, lakini tarakimu alizijua, na kaka yake alimjua zaidi: Ndaki akiambiwa pakia, hupakia hata vumbi. Akatazama nyaya. Akatazama mikono yake. Akavua kanga ya mabegani akalifunga spika mdomo.

Sauti ya mumewe ikawa ya mtu aliyejifunika blanketi. Wateja wakaguna.

"Mama Precious, unatuzibia bei?"

"Imebadilika, haifai tena."

"Bei tunaiona ubaoni, mayu! Sisi tunamtaka huyo shemeji!"

Na kweli, walimtaka. Tangu asubuhi senta nzima ilikuwa inamsubiri kwenye kanda kama watu wanavyosubiri kiitikio. Kila ikifika "Pakia, shemeji!" wapakizi waliitikia pamoja, na yule aliyekuwa na gunia begani alijitikisa kidogo kabla ya kulirusha. Wakapiga meza, wakabembeleza. Milembe alikuwa na sufuria mbili motoni na watu waliojaa mabenchi, jambo ambalo halitokei kila siku. Akaifungua kanga. Akajiambia Ndaki hatafika leo, ng'ombe wake wamechoka kwa kusomba mavuno.

Alasiri Ndaki akafika.

Gari lake la ng'ombe lilikuwa limejaa hadi likaonekana kama nyumba nyeupe inayotembea. Kabla hajafungua nira, spika likaita, "Pakia, shemeji!" na senta nzima ikalipuka kicheko. Ndaki akadhani anakaribishwa. Akainua fimbo juu, akapunga, akacheka nao. Ndipo akauona ubao.

"Athanasi, hiyo nini?"

"Bei."

"Mashine inasema mia na themanini."

"Basi kaiuzie mashine."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Ndaki alishika pembe ya dume lake moja akasimama hivyo, kama aliyeshikilia nguzo ya kituo.

Maganga alirudi kutoka makaburini na udongo miguuni. Alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaiona senta. Alipoona gari la ng'ombe alikwenda moja kwa moja, akang'oa waya.

"Shemeji," alisema, "itapanda. Nyekundu wakileta fedha, itapanda tu. Weka mzigo bandani kwetu usubiri."

"Uliniambia haidanganyi."

"Haikudanganya. Asubuhi ilikuwa hivyo."

"Mimi sikuja asubuhi," Ndaki alisema.

*

Pamba ikawekwa kwenye banda la kuni nyuma ya jiko, na mwenyewe akawa analala juu yake. Nyekundu hawakuleta fedha. Bei ya Bluu ilishuka tena kidogo, kisha kidogo tena, na kila iliposhuka Ndaki aliapa kwamba sasa ndiyo hauzi.

Kilichomuua polepole hakikuwa bei. Kilikuwa neno lile. Alipokwenda kisimani, wasichana waliinua ndoo, "Pakia, shemeji!" Alipokwenda kununua tumbaku, mwenye duka alimpimia kwa wimbo huo. Hata fundi cherehani, mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kuonekana meno, alijificha nyuma ya cherehani yake mabega yakimtikisika. Ndaki alikuwa mtu wa kusikilizwa kwenye vikao vya ukoo. Sasa akifungua mdomo, watu waliziba midomo yao wasicheke.

Jioni moja walikuwa wanakula ugali na maharage. Precious, binti yao wa miaka saba, akamsogezea mjomba wake bakuli la mboga, akasema kwa furaha yote ya mtoto aliyejifunza kitu kipya, "Pakia, shemeji!"

Milembe alimzaba kofi. Mtoto alibaki na mdomo wazi, maana senta nzima ilisema na hakuna aliyepigwa.

"Mwache," Ndaki alisema. "Anasema kinachosemwa." Akanawa mikono kabla ya kushiba.

"Tutalimaliza hili, shemeji," Maganga alisema. Akajaribu kutabasamu. "Watu watapata kingine cha kucheka. Mimi walinicheka mwaka mzima ushirika ulipokufa."

"Wewe ulichekwa kwa yako."

Siku iliyofuata Ndaki alishindwa kuvumilia. Alibeba magunia hadi Bluu. Athanasi alichota pamba kiganjani, akaivuta, akaipeleka puani.

"Hii fifi."

Fifi ni pamba ya daraja la pili, ile yenye uchafu, na bei yake humfanya mtu ajute kulima. "Fifi vipi?" Ndaki alipaza sauti. "Nimeichuma na wanangu, hata jani hamna!"

"Jani hamna. Nusa lakini. Pamba yako inanuka maharage."

Ilikuwa kweli. Moshi wa jiko la Milembe, kila siku alfajiri mpaka usiku, ulikuwa umepenya kwenye mianya ya banda ukaitia pamba masizi na harufu. Waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Milembe alisikia kutoka jikoni akashika mwiko bila kukoroga. Maharage yaliungua, na siku hiyo hakuna aliyeyanunua.

Baadaye Athanasi alimfuata Ndaki aliyekaa juu ya magunia yake, akampa soda, naye akaketi pembeni.

"Kaka, mimi naweza kuandika safi. Fifi ni neno langu, na safi ni neno langu."

"Unataka nini?"

"Ukweli tu. Ulidanganywa, hukudanganywa?"

"Nilidanganywa."

"Na nani?"

Ndaki aliitazama chupa. "Na mashine."

"Mashine haina mikono ya kutia pingu," Athanasi alisema kwa upole. "Ina mwenyewe."

Soda ilikuwa ya moto, lakini Ndaki aliinywa yote.

*

Askari wawili walipokuja kuchukua mashine na kanda zake zote waliikuta inaongea. Mmoja alinyoosha mkono azime, mwenzake akamzuia mpaka imalize bei ya Kijani, maana naye alikuwa na ekari zake.

"Kosa langu nini?" Maganga aliuliza.

"Umechukua bei za kampuni kwa mashine, bila ruhusa, ukazitumia kuvutia biashara na kupotosha wakulima."

"Hilo kosa linaitwaje?"

Askari alijikuna chini ya kofia. Kitabu chake kilikuwa na nafasi ndogo ya kuandika jina la kosa, na yote aliyosema hayakuenea hapo. Akaandika: wizi.

Wakambebesha spika mwenyewe mpaka kituoni, katikati ya senta, mdomo wa bati ukitazama watu. Hakuna aliyesema pakia. Lakini hakuna aliyesema neno lingine pia. Wale waliokunywa chai wakisikiliza bure walikumbuka kwamba dawa ya wadudu ya msimu ujao hutoka kwa kampuni, na Athanasi ndiye anayegawa. Walitazama vikombe.

Milembe alipeleka chakula kituoni, amekifunga kwa kanga ileile. Askari yule mwenye ekari alimpokea vizuri, akamwambia kama habari njema, "Usiogope, mama. Shahidi wao ni mmoja tu, yule kaka yako."

Milembe akasema asante. Alifika nyumbani akaenda moja kwa moja bandani. Hapakuwa na mtu wala gunia. Sakafu ilikuwa imefagiwa vizuri, kuni zimepangwa upya kwa unene wake, jinsi baba yao alivyowafundisha wote wawili. Hapo ndipo alipolia, kwa ajili ya zile kuni.

*

Maganga alitoka kwa dhamana ya fundi cherehani, na siku ya kesi wakaenda Bariadi mjini, yeye, mkewe na mtoto. Mahakama ya mwanzo ilijaa. Watu wa Nkoma walioogopa kutoa ushahidi hawakuogopa kuusikiliza. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, Klementina, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusikia vizuri. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wa baraza.

Athanasi alisema kwa ufasaha. Alikuwa amefundishwa Mwanza.

"Mheshimiwa, hatukatai mtu kusoma. Mkulima apite, asome, aende. Lakini huyu hasomi kama mtu. Anachukua zetu, za Nyekundu na za Kijani, anazimeza kwa mashine, mashine inazitapika siku nzima. Ubao ni mali yetu. Hakutuomba."

"Ubao mmeuelekeza wapi?" hakimu aliuliza.

"Barabarani, Mheshimiwa."

"Ili nani asome?"

"Wateja."

"Mama asiyejua kusoma akimwomba jirani amsomee, jirani amekosa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Huyo ana mdomo mmoja. Akichoka ananyamaza."

Mzee mmoja wa baraza akacheka, akajifanya anakohoa.

Maganga alipopewa nafasi alikuwa na hotuba nzuri kichwani. Alisema sehemu yake ya kwanza, kwamba bei ikishaandikwa nje ni kama jua, hakuna wa kumdai mtu kwa kuota jua. Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Ndipo hakimu akaomba kielelezo kisikilizwe.

Karani aliiweka mashine mezani, akatia kanda ya siku ile. Ikaanza. Bluu, mia na themanini. Sauti ya Maganga ilijaa chumba, nzuri, yenye uhakika. Jogoo akawika ndani yake. Kisha kengele ya baiskeli, na pumzi ya mtu aliyepanda kilima. "Mwangaluka, shemeji. Hebu nisaidie."

Kule Nkoma maneno yale yalikuwa kichekesho. Humu ndani, mbele ya watu walioketi kwa heshima, ilisikika sauti ya mtu anayeomba ushauri kwa ndugu yake. Na jibu lake likasikika lilivyokuwa: mtu anajionyesha.

"Pakia, shemeji! Mashine hii haidanganyi. Pakia!"

Halafu kile kicheko kirefu cha Ndaki. Wote walikisikia mpaka mwisho. Maganga alisahau sehemu ya pili ya hotuba.

"Shahidi," hakimu alisema, "hiyo ni sauti yako?"

Ndaki alikuwa amesimama na kofia mkononi. "Ilikuwa yangu."

"Pamba yako uliuza?"

"Niliuza."

"Daraja gani?"

Ndaki alimtazama Athanasi, kisha dada yake, kisha akatazama sakafu. "Safi," alisema.

Watu wa Nkoma, waliokuwa wamecheka harufu ya maharage kwa vinywa vyao wenyewe, walielewa wote kwa pamoja. Minong'ono ilipita mabenchi yote kama upepo kwenye mtama. Milembe peke yake hakugeuza shingo.

Hakimu alishauriana na wazee wake, akavaa miwani.

"Nimetafuta kifungu kinachomkataza mtu kusoma kilichoandikwa nje. Sikukiona. Nimetafuta kinachoikataza mashine kusema mtu alichokisoma. Nacho sikukiona. Huenda siku moja kikaandikwa, mashine zinaongezeka. Leo hakipo, na sisi hatumfungi mtu kwa kifungu cha kesho. Mshitakiwa yuko huru, na arudishiwe vitu vyake."

Maganga akasogea mezani kuchukua mashine.

"Sijamaliza. Mashine hii ilikuwa kweli asubuhi, na mchana ikawa uongo, na mwenyewe hakuwepo. Aliyeumia kwa hilo si kampuni. Ni huyu bwana hapa. Yeye hakufungua shauri. Ameletwa kuwasaidia wengine katika lao. Kwa hiyo mahakama haina la kumwamulia." Akavua tena miwani. "Ninyi ni ndugu. Kaeni."

Hawakukaa. Nje, Milembe alipita mbele ya kaka yake. Kwao mdogo ndiye anayeanza kusalimu, tena kwa kuinama kidogo. Ndaki alisubiri, midomo tayari kuitikia. Milembe alimshika Precious mkono, akapita wima.

Athanasi aliwafuata akampa Maganga mkono. "Hongera, kaka. Umetushinda kihalali."

*

Siku ya kununua iliyofuata, Maganga aliamka alfajiri, akaikumbatia mashine, akaenda. Kwenye ukuta wa Bluu kulikuwa na matundu ya misumari na mraba wa rangi mpya ambayo jua halikuwahi kuifikia. Kwa Nyekundu vivyo hivyo. Kwa Kijani ubao ulikuwepo, umegeuzwa.

"Bei iko ndani sasa," Athanasi alisema kutoka kwenye dirisha dogo lenye nondo. "Mtu na mtu wake. Aje, aulize, aambiwe. Sheria haikatazi, au nakosea?"

Mkulima akainama dirishani, akanong'onezwa, akaondoka na uso wake. Aliyemfuata akanong'onezwa, akaondoka na uso mwingine. Hakuna aliyejua mwenzake kaambiwa ngapi, na hakuna aliyetaka kusema, asije akaonekana mjinga.

Shida, mama mjane aliyekuwa akitembea kutoka mbali kuja kusikiliza spika, alikaa mgahawani kwa mazoea akasubiri. "Leo haisemi?"

"Hakuna cha kusoma, mayu," Maganga alisema.

"Si ulishinda?"

"Nilishinda."

Mama yule aliwaza. "Ungeshindwa kidogo," alisema, "tungebaki na mbao."

Hakuwa anamlaumu. Wengine walilaumu. Wengine wakamlaumu Ndaki, wakisema ndiye aliyeuza bei ya watu wote kwa kuandikiwa safi, na mtaani kwake waliacha kumtania. Hapo ndipo alipojua kwamba mtu anayetaniwa bado yuko na watu. Habari zikafika kwa Milembe kwamba kaka yake anahama, anakwenda Mpanda ambako Wasukuma wengi wamekwenda kutafuta ardhi, na kwamba lori litamchukua barabarani Ijumaa.

Milembe aliendelea kukanda unga. Alikanda muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

"Vaa viatu," alimwambia mumewe siku ya Ijumaa.

Walimkuta Ndaki anavunja kitanda. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia na ng'ombe wachache. Gari la ng'ombe lilikuwa uani, tupu, vipande vya pamba bado vimenasa kwenye mbao. Milembe akainama kidogo, kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka, mdogo wangu." Akaweka nyundo chini.

"Precious akiposwa, ng'ombe wake wa mahari nani atawakalia kikao? Ana mjomba mwingine?"

"Mpanda kuna njia ya kurudi."

"Hutarudi. Nakujua."

Ndaki alifuta mikono kwenye suruali. "Pale dirishani kwa Athanasi, nilipotaka kuchukua mbegu, watu walinipisha foleni. Wote. Walinipisha kama ninanuka. Huko ninakokwenda hakuna anayeijua sauti yangu."

"Ni moshi wangu ulioharibu pamba," Milembe alisema. "Na bei niliiona ikifutwa. Nililifunga lile spika, nikalifungua."

"Kwa nini ulifungua?"

"Walikuwa wanakunywa chai."

Ndaki aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomsumbua. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Maganga alikuwa amesimama kando wakati wote huo. Mtu yule mwenye neno kwa kila jambo alikuwa ametafuta neno tangu Nkoma mpaka pale, njia nzima, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kuchekesha. "Shemeji," alianza. Akaishia hapo. Alitazama chaga za kitanda chini, akatazama gari, mikono yake ikining'inia haina kazi.

Ndaki aliokota chaga ya kwanza akamnyooshea.

"Pakia, shemeji," alisema.

Aliisema bila wimbo, kama mtu anavyosema maneno yenye kazi ya kufanya. Maganga akaipokea kwa mikono miwili, akaenda akaiweka garini taratibu, isigonge, akarudi kuchukua nyingine.